Mali bila Daftari: Namna ya Kuchagua Njia ya Kuhamishia Nyaraka za Biashara Kwenye Kompyuta

Mada iliyowasilishwa kwa wafanyabiashara wadogo na wa kati wa Tabata, Dar es Salaam



Jambo la leo halina mvuto wa bidhaa mpya wala wa mkopo wa riba nafuu. Tunazungumzia karatasi.

Wahenga walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walioutunga hawakuiona skana wala simujanja, lakini walifahamu kwamba mfanyabiashara anaweza kupoteza mali yake mara mbili: kwanza inapotoka mikononi mwake, na tena pale anaposhindwa kuthibitisha kwamba ilikuwa yake. Mada ya leo inahusu hasara hiyo ya pili.

Ukitembea kutoka Relini hadi Segerea, au ukikunja Barakuda kuelekea Kimanga, utapita duka la vifaa vya ujenzi, famasi, shule ya awali, nyumba ya wageni, gereji na ofisi ya chama cha kuweka na kukopa. Ndani ya kila moja kuna kabati, boksi au kiroba kilichojaa karatasi: ankara, risiti, hati za kupokelea mizigo, mikataba ya pango na ya ajira, fomu za wateja, vivuli vya vitambulisho. Na karibu kila mwenye kabati hilo amekwisha kuambiwa na mtu kwamba nyaraka zake zote zinaweza kuingizwa kwenye kompyuta, kwa bei fulani, kwa siku chache.

Neno langu kwenu ni moja, na mengine yote nitakayosema yanatokana nalo. Kabla ya kuuliza bei ya kuskani, jiulize kila aina ya karatasi uliyonayo itakuja kudaiwa na nani, lini, na ili ithibitishe jambo gani. Jibu la swali hilo ndilo litakalokuchagulia njia, mashine na mtoa huduma. Anayeanza na bei hulipia picha za karatasi ambazo hatazihitaji kamwe, na siku ya haja huikosa ile moja aliyoihitaji.

Kwa nini karatasi peke yake haitoshi

Sisi wa pwani tunaishi na maadui watatu wa karatasi: unyevunyevu, mchwa na maji. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipolikumba Bonde la Msimbazi, ambalo baadhi yenu mnapakana nalo, maji hayakuchagua kati ya godoro na hati. Adui wa nne ni moto. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, mfanyabiashara aliyeweka kumbukumbu zake mahali pamoja na bidhaa zake alikuwa katika hatari ya kupoteza vyote viwili kwa usiku mmoja.

Yupo pia adui asiyeonekana, naye yumo ndani ya risiti zenyewe. Risiti nyingi za mashine za EFD, ambazo matumizi yake nchini yalianza mwaka 2010, huchapwa bila wino. Karatasi yake ina utando unaobadilika rangi kwa joto. Kwa sababu hiyohiyo, joto la gari lililoegeshwa juani, mwanga, mafuta ya mikono na hata bahasha ya plastiki huweza kuyafifisha maandishi. Mtu hufungua faili baada ya miaka miwili akakuta vipande vyeupe visivyosema kitu. Amehifadhi karatasi, lakini ushahidi umekwenda.

Yatosha haya kuonyesha kwamba nakala ya kidijitali inahitajika. Hata hivyo, hayaonyeshi kwamba kila karatasi inahitaji nakala, wala kwamba karatasi yenyewe imekwisha kazi yake.

Panga mafungu kwanza

Chukua siku moja ya utulivu, toa karatasi zako kabatini, uzigawe katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni karatasi ambazo asili yake haina mbadala: hatimiliki, mikataba iliyotiwa saini na muhuri, vyeti vya usajili, hati za dhamana. Ukienda benki kuweka nyumba rehani, hupokelewi kwa kivuli cha hati. Fungu hili liskaniwe ili uwe na nakala ya kurejea, lakini asili ibaki mahali salama, pakavu, palipoinuliwa kutoka sakafuni.

Fungu la pili ni karatasi zinazodaiwa na sheria kwa muda maalumu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka mitano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atunze maelezo ya maandishi ya ajira kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma. Sheria hiyo inakwenda mbali zaidi: mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba au maelezo hayo mbele ya baraza, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Mwenye gereji aliyeajiri vijana watatu kwa makubaliano ya karatasi moja moja, kisha karatasi zikapotea, anaingia kwenye shauri akiwa amebeba mzigo huo tayari.

Fungu la tatu ni karatasi zinazofanya kazi kila siku: daftari la madeni, orodha ya bidhaa, kadi za wateja. Hizi zinahitaji kutafutwa na kujumlishwa, na hapa wengi hukosea kununua. Picha ya daftari haijumlishi deni. Ukiskani kurasa mia za daftari lililoandikwa kwa mkono, umepata picha mia ambazo utalazimika kuzisoma moja moja kama ulivyokuwa ukilisoma daftari. Programu za kompyuta husoma vizuri maandishi yaliyochapwa, lakini mwandiko wa mkono, hasa wa haraka wa dukani, huzishinda mara nyingi. Daftari la madeni halihitaji skana. Linahitaji mtu wa kuketi na kuyaandika madeni yaliyo hai katika jedwali la kompyuta, kisha mtu wa pili kuyahakiki kwa kulinganisha na daftari.

Fungu la nne ni karatasi ambazo hakuna atakayezidai: matangazo ya zamani, vivuli vya vivuli, ankara za makadirio ambazo biashara yake haikufanyika. Kuziskani ni kulipia takataka zihamie nyumba mpya. Namna ya kuziondoa nitaieleza baadaye, maana nayo ina hatari yake.

Hesabu ya kazi na ya fedha

Mfanyabiashara hasaini kazi asiyojua ukubwa wake. Rimu moja ina karatasi 500, na unene wake ni takriban sentimita tano. Kwa kipimo hicho, rundo la karatasi lenye urefu wa mita moja lina karatasi zipatazo 10,000. Zilizokunjwa na kubanwa pini zitakuwa chache zaidi, lakini kipimo kinatosha kwa makadirio.

Tuseme mtu anaskani karatasi moja kwa dakika moja kwenye mashine ya kioo, ile ya kufungua kifuniko na kulaza karatasi. Karatasi 10,000 zitamchukua dakika 10,000, yaani saa 166 na ushei, karibu siku 21 za kazi za saa nane. Mashine inayovuta karatasi yenyewe, ikipitisha karatasi 25 kwa dakika, itazimaliza kwa dakika 400, muda usiofika saa saba. Tofauti hiyo ndiyo huuzwa kwenu kwa maneno matamu. Lakini mashine haitoi pini za stepla, hainyooshi mikunjo, haibandiki karatasi iliyochanika, wala haitoi jina kwa kila faili. Kazi hizo hula muda mwingi kuliko kuskani kwenyewe, na ndizo mtoa huduma wa bei ya chini sana huziacha.

Kwa mfano wa hesabu tu, ukitozwa shilingi 200 kwa ukurasa, rundo hilo litakugharimu shilingi 2,000,000. Ukiondoa fungu la nne na ukaliweka kando daftari la madeni, pengine ikabaki robo yake, na gharama ikawa shilingi 500,000. Siku moja ya kupanga mafungu imekuokolea shilingi 1,500,000. Hakuna punguzo la bei litakalokupa kiasi hicho.

Aidha, anzeni na karatasi za leo, kisha mrudi nyuma kadiri nguvu inavyoruhusu. Risiti iliyoskaniwa siku ileile ya kupokelewa haijafifia, na anayeiingiza bado anakumbuka inahusu nini. Ya miaka mitatu iliyopita imekwisha kupoteza vyote viwili.

Njia nne na mahali pake

Njia ya kwanza ni simu yako. Zipo programu zinazonyoosha picha ya karatasi na kuihifadhi kama hati ya PDF. Kwa mwenye duka dogo anayepokea risiti tano kwa siku, njia hii inatosha. Hatari zake ni mbili. Picha za biashara huchanganyika na picha za harusi, na simu ikiibiwa kwenye daladala, masijala yako yote imeibiwa. Ukichagua njia hii, tenga folda ya biashara, weka nywila, na kila Jumamosi hamishia hati za wiki mahali pengine. Kumbuka pia kwamba picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Tarakimu ndogo zikiwa muhimu, itume kama hati.

Njia ya pili ni duka la fotokopi la mtaani. Linafaa kwa nyaraka chache zisizo na siri. Lakini jiulize baada ya kazi faili zako zimebaki wapi. Kompyuta ya pale ni ya wote. Cheti chako kikitumwa kwenye simu ya duka ili kichapwe, kinabaki kwenye simu hiyo. Simama pale, omba faili zifutwe mbele yako, na flashi yako uikague virusi kabla ya kuifungua kwenye kompyuta ya ofisi.

Njia ya tatu ni kununua mashine yako. Inamfaa mwenye karatasi nyingi kila siku, kama shule au famasi, mwenye mfanyakazi anayeweza kukabidhiwa kazi hiyo kwa jina. Kabla ya kulipa, ulizeni bei ya vipuri vinavyochakaa, hasa mipira inayovuta karatasi, na kama vinapatikana hapa Dar es Salaam. Pimeni mashine kwa karatasi zenu wenyewe. Karatasi nyeupe laini anayoitoa muuzaji hupita vizuri kwenye kila mashine.

Njia ya nne ni kuajiri kampuni ichukue rundo lote. Inafaa kwa mzigo mkubwa wa zamani ambao hamwezi kuumaliza wenyewe. Ni njia ya haraka, na ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu karatasi zinatoka nje ya mlango wenu na siri za wateja wenu zinatoka pamoja nazo.

Hakuna dhambi kuchanganya njia hizi. Shule inaweza kuajiri kampuni kwa majalada ya miaka iliyopita, ikanunua mashine ndogo kwa kazi za kila siku, na hatimiliki ya kiwanja akaiskani mkurugenzi mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

Nakala nzuri ni ipi

Ubora wa skani hupimwa kwa nukta kwa inchi. Kwa maandishi ya kawaida, nukta 300 kwa inchi zinatosha. Kwa risiti zilizofifia, nakala za kaboni na maandishi madogo, tumieni nukta 600. Skani yenye mihuri na saini ifanyike kwa rangi, kwa kuwa wino wa bluu wa muhuri huonyesha mengi ambayo rangi nyeusi na nyeupe huyameza. Hati ihifadhiwe kwa muundo unaofunguliwa na programu nyingi, kama PDF. Upo muundo maalumu wa kuhifadhi muda mrefu, PDF/A, ambao umekuwa kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2005. Atakayekupa faili zinazofunguliwa na programu yake peke yake amekufungia kabati na kubaki na ufunguo.

Kisha hakikini tarakimu. Agosti 2013, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadili namba kwenye nakala bila mtu kujua. Kwenye ramani ya nyumba, vyumba vitatu vya ukubwa tofauti vilitokea vyote vikiwa na mita za mraba 14.13. Mahali pengine, 6 iligeuka kuwa 8. Sababu yake ilikuwa mbinu ya kupunguza ukubwa wa faili: mashine iliona alama mbili zinazofanana, ikaweka moja mahali pa nyingine. Nakala ilikuwa safi na yenye kusomeka, na ilikuwa ya uongo. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu zake, lakini somo limebaki. Msichague daraja la chini kabisa la ukubwa wa faili kwa nyaraka za fedha, na katika kila fungu lililoskaniwa, toeni karatasi kadhaa bila kuchagua, mlinganishe namba moja baada ya nyingine na asili yake.

Baada ya ubora huja jina. Faili inayoitwa «skani 0047» ni karatasi iliyotupwa kwenye kisima. Wekeni utaratibu mmoja wa majina na ufuatwe na wote: mwaka, mwezi na siku kwanza, kisha aina ya hati, kisha mhusika, kisha namba yake. Kwa mfano, 2025-03-15 ankara saruji 1182. Tarehe ikitangulia kwa mpangilio huo, kompyuta itazipanga faili zenyewe kwa mfululizo wa siku.

Mwisho, nakala za akiba. Kanuni iliyozoeleka ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake iwe nje ya jengo. Kompyuta ya ofisini ni moja, diski ngumu ya nje ni ya pili, na ya tatu iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwenye diski nyingine iliyo nyumbani. Diski inayolala juu ya kompyuta itaibiwa na kompyuta, itaungua nayo, na itazama nayo. Na kila baada ya miezi mitatu, fungueni faili kadhaa kutoka kwenye nakala ya akiba. Akiba isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Sheria inasemaje

Wengi huuliza: mahakama itaikubali skani yangu? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeweka msingi kwamba taarifa haikataliwi kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Lakini kukubaliwa ni jambo moja na kuaminiwa ni jambo jingine. Katika kupima uzito wa ushahidi huo, sheria inaelekeza kuangalia jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyosafirishwa, jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa, na jinsi aliyeitengeneza anavyotambulika.

Maana yake kwa mwenye duka ni nyepesi. Fungueni daftari dogo, ndiyo, la karatasi, na kila siku ya kuskani andikeni tarehe, nani aliskani, karatasi ngapi, kwa mashine gani, na faili ziliwekwa wapi. Ukurasa mmoja wa daftari hilo unaweza kuipa nakala yako nguvu ambayo skana ya mamilioni haiwezi kuipa.

Siri za watu

Sasa naja kwenye jambo ambalo ningependa mliondoke nalo hata kama mengine yote mtayasahau. Karatasi nyingi katika makabati yenu si zenu peke yenu. Famasi ina maandishi ya daktari yanayotaja ugonjwa wa mtu. Nyumba ya wageni ina majina na namba za vitambulisho vya waliolala. Shule ina taarifa za watoto. Chama cha kukopa kinajua nani ameshindwa kulipa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azitumie kwa lengo alilozikusanyia, asizitunze kupita muda unaohitajika, na azilinde. Imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambako wakusanyaji na wachakataji wa taarifa wanatakiwa kujisajili. Ukiikabidhi kampuni majalada yako, kampuni hiyo inachakata kwa niaba yako, na wewe hujavuliwa wajibu. Ukitumia hifadhi ya mtandaoni ambayo kompyuta zake zipo nje ya nchi, fahamu kwamba sheria ina masharti juu ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya mipaka. Ulizeni Tume kabla ya kuhamisha majalada.

Kwa wale mliokuja hapa kama wateja, wazazi au wapangaji, sheria hiyo ni yenu pia. Mnayo haki ya kuuliza taarifa zenu zinatumiwa kwa nini, kuziona, na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Ukiombwa kivuli cha kitambulisho, si utovu wa adabu kuuliza: kinatunzwa wapi, na kitaharibiwa lini?

Maswali ya kumuuliza mtoa huduma kabla ya kulipa

Yaandikeni, na majibu yaingie kwenye mkataba.

1. Bei inahusu nini? Je, kutoa pini, kunyoosha, kutaja majina ya faili na kuhakiki vimo, au ni kuskani tu?

2. Karatasi zitaskaniwa hapa ofisini kwangu au zitachukuliwa? Zikichukuliwa, nani atasaini hati ya makabidhiano yenye idadi ya mafaili?

3. Nikihitaji karatasi moja katikati ya kazi, nitaipata kwa muda gani?

4. Nani atazigusa nyaraka, na amesaini ahadi ya kutunza siri?

5. Nitapokea faili za muundo gani, na je, naweza kuzifungua bila programu yenu?

6. Nikiacha kulipia huduma ya mwezi, nyaraka zangu nitazipata vipi, na kwa muda gani?

7. Nakala zilizobaki kwenye kompyuta zenu zitafutwa lini, na nitapewa uthibitisho gani?

8. Mkikosea, ukurasa ukarukwa au namba isisomeke, nani analipia kurudia?

Kisha mpeni kazi ya majaribio kabla ya kazi kubwa. Chagueni karatasi 20 mbaya kuliko zote: risiti iliyofifia, nakala ya kaboni, iliyoandikwa kwa penseli, yenye maandishi pande zote mbili, iliyoliwa na mchwa pembeni. Anayezifanya hizo vizuri atazimudu zilizobaki. Anayekataa majaribio amekwisha kuwajibu.

Kutupa karatasi ni uamuzi wa peke yake

Kazi ikiisha, kabati huonekana halina maana tena. Subirini. Kuskani na kuharibu asili ni maamuzi mawili, na la pili lisifanywe siku moja na la kwanza. Asili isiharibiwe mpaka nakala imehakikiwa, nakala za akiba zimefunguliwa na kuonekana nzima, muda unaotakiwa na sheria umepita, na hakuna mgogoro wa kodi, wa ajira wala wa deni unaoihusu. Kwa karatasi za fungu la kwanza, siku hiyo haifiki.

Na zikiharibiwa, ziharibiwe kweli. Sote tumewahi kununua karanga au kipande cha muhogo wa kukaanga kilichofungwa kwenye karatasi ya ofisi ya mtu, jina, namba ya simu na kiasi cha deni vikisomeka vizuri. Aliyeiuza karatasi ile kwa kilo alipata fedha ya soda. Mwenye jina lile hakuulizwa. Zichaneni kwa mashine au zichomeni mahali panaporuhusiwa, chini ya usimamizi wa mtu mnayemwamini, na mwandike kwenye lile daftari dogo: tarehe gani, karatasi zipi, mbele ya nani.

Ndugu zangu, si lazima mtoke hapa mkanunue kitu. Kazi ya kwanza haina gharama. Kesho jioni, baada ya kufunga hesabu, fungueni kabati na muanze na karatasi kumi za juu. Kwa kila moja jiulizeni: nani ataidai, lini, na ili ithibitishe nini? Zile mtakazozipatia jibu, zitafutieni njia ya kuzilinda. Mtu akija na tangazo lake, mtakuwa na maswali ya kumuuliza, naye atajua anazungumza na mnunuzi anayejua anachonunua.